Kushuka Pasipo na Gati

Mke wangu alishuka melini saa nne asubuhi, mbele ya kijiji chao, na mimi nikabaki juu nimeng'ang'ania ukingo wa sitaha. Alikuwa amevua viatu na kuvitia kwenye mkoba. Pale hakuna gati. Meli husimama mbali kidogo na ufukwe, hupiga honi, na mitumbwi hutoka kuja kupokea watu. Mlango wa ubavuni hufunguliwa, mtumbwi hujibana chini yake, na anayeshuka hungoja wimbi liunyanyue ndipo aachie mguu. Mke wangu ana miaka sitini na miwili. Aliliacha wimbi la kwanza likapita, akashuka na la pili, akatua katikati ya magunia bila kushikwa mkono na mtu. Halafu akaketi, akajifunika kitenge kichwani kwa ajili ya jua, akatazama kwao. Hakugeuka mpaka mtumbwi ulipokaribia mchanga, na kwa umbali ule sikuweza kujua kama ameinua mkono kuniaga au anashusha kitenge.

Nilikuwa nimemwahidi kwamba tutakwenda kukaa kwao nikistaafu. Nilimwahidi mwaka aliofiwa na mama yake, nami sikwenda mazikoni. Nilisingizia kazi. Kazi ilikuwepo, sisemi haikuwepo, lakini kila mtu bandarini angenipa ruhusa siku hiyo hiyo. Mke wangu alikwenda peke yake, akazika, akarudi, akakaa wiki nzima akinipakulia chakula bila kunitazama. Siku ya nane nikamwambia, "Nikistaafu tutahamia kwenu." Akasema, "Nimesikia." Hakusema ahsante, na sikuona kwa nini angesema.

Nimestaafu mwaka wa saba sasa. Mwaka wa kwanza nilisema tungoje mafao. Wa pili, mvua. Wa tatu niling'olewa jino. Kaka yake alikwisha kumkabidhi nyumba ya mama yao na kuiezeka mabati mapya, na mimi nikasema mabati mapya yana joto, yaachwe yazeeke kwanza. Mke wangu alicheka siku ile, lakini jicho halikucheka.

Ukweli ni kwamba siwezi kukaa. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kigoma kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo hapakupita saa moja bila kitu kufika au kuondoka. Nyumba yetu iko Mwanga, nyuma ya soko, na huko nako kunanifaa kwa sababu makelele hayakomi. Asubuhi naingia sokoni kuuliza bei ya vitu nisivyonunua. Natelemka mjini kuangalia kama treni imefika, na simngojei mtu. Mchana natembea hadi Ujiji kwa miguu, nakunywa kahawa vikombe viwili, narudi. Jioni nasimama jikoni kumwambia mke wangu mafuta hayajachemka. "Umestaafu wewe," aliniambia mara moja akiniondoa njiani na sufuria, "miguu yako bado haijapata barua."

Binti yetu aliye Dodoma ndiye aliyetukatia tiketi. Alisema baba hajawahi kusafiri hata siku moja bila kazi, kwa hiyo nipande meli niende mpaka Kasanga na kurudi, nione ziwa lote, nipumzike. Niliwaambia majirani wote. Nilijigamba kwamba nakwenda kutalii kama Mzungu. Asubuhi ya kuondoka ndipo nikaziangalia tiketi kwa macho ya karani, nikaona yangu ni ya kwenda na kurudi, na ya mke wangu inaishia kijijini kwao.

Nilimuuliza maana yake. Alikuwa anafunga begi, na hakuacha kulifunga.

"Mimi nashuka kwetu," alisema. "Wewe nenda na meli mpaka mwisho, si unapenda mwendo. Ikirudi itapita pale pale. Utashuka au hutashuka. Usinipigie simu kunieleza, kwenye simu wewe ni fundi. Na sitakuuliza tena, Baba watoto. Nimechoka kuuliza."

Nikamwambia anafanya mambo ya kitoto. Akasema basi watoto tuko wawili.

Nisipoeleza habari ya suruali nyeupe, mtu anaweza kudhani nilikuwa mkaidi bure. Kijijini kwao nimefika mara moja tu maishani. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimekwenda kujitambulisha kwa wakwe. Mimi ni Muha wa Mwandiga, nimekulia kwenye mahindi na maharage. Ziwa nililijua kwa kulitazama kutoka juu. Wao wamelala na kuamka majini tangu babu zao walipovuka kutoka upande wa Kongo. Nilivaa suruali nyeupe na koti la kuazima. Kaka yake ndiye aliyekuja na mtumbwi kunipokea, na nilipofika mlangoni pa meli akaniambia, "Ngoja lipande, shemeji, ngoja lipande." Mimi nikaona ananichukulia mshamba. Nikaruka palepale, mtumbwi ukiwa unashuka.

Nilikanyaga hewa, kisha maji, kisha sikukanyaga chochote. Walinivuta kwa kola ya koti la watu. Ufukweni suruali ikaanikwa kwenye kamba mbele ya kijiji kizima, na kwa kuwa nguo zangu nyingine nazo zilikuwa zimelowa ndani ya begi, nikapewa kitenge. Kitenge chenyewe kilikuwa cha mama mkwe. Mahari yangu ilizungumzwa nikiwa nimevaa nguo ya mama mkwe wangu, mbele yake, huku yeye akitazama ukutani kwa heshima ili asinione. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Na kila aliyekuja kunisalimia siku ile, mkubwa kwa mdogo, aliuliza swali moja: "Shemeji, umekauka?"

Miaka arobaini shemeji yangu ameanza kila simu kwa swali hilo. Hata aliponipigia kunijulisha kwamba mama yao amefariki, alianza nalo kwa mazoea, akanyamaza katikati, akalia. Na mimi, badala ya kupanda meli, nikasingizia kazi. Niliogopa ule mlango wa ubavuni. Sijawahi kumwambia mtu hilo, na mke wangu hakuhitaji kuambiwa.

Basi mtumbwi ulipompeleka, meli ikang'oa nanga, nikaanza kuzunguka sitaha. Nilizunguka kutoka mbele hadi nyuma, nikipita maboya, mapipa, mikungu ya ndizi na watu waliolala juu ya mikeka. Milima ilikuwa upande wa kushoto, Kongo upande wa kulia, na kila nilipogeuka vilibadilishana. Nilimwonyesha baharia mmoja kwamba magunia ya dagaa yamepangwa vibaya, ya chini hayapati hewa. Akasema, "Sawa, mzee," akaendelea na alichokuwa akifanya. Nikamwonyesha mwingine. Huyo akaniuliza kama nimekula.

Kwenye benchi la nyuma alikaa mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Kagunga, mwenye mabunda ya vitenge aliyoyakalia kabisa asiibiwe. Nilipompita kwa mara sijui ya ngapi akanishika shati.

"Mzee, shikamoo, na kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

Nikaketi. Akanimenyea chungwa. Akauliza nimefiwa au nina kesi, maana mtu hatembei namna ile bila sababu. Nikamweleza kwa kifupi, nikiacha habari ya suruali. Alisikiliza huku akitema mbegu kwenye kiganja.

"Kwa hiyo mama kashuka, wewe kiburi kimebaki na tiketi," alisema.

"Siyo kiburi. Huko hakuna kitu. Nitafanya nini?"

"Mwakeye, mwidetse, umelala vipi. Kusalimiana ndiyo kazi ya kijijini, mzee. Asubuhi yote inaishia hapo." Akacheka peke yake. "Na huko kwenu mjini unafanya nini?"

Nilifikiri kumweleza habari ya soko, treni na kahawa, nikaona aibu. Nikainuka nikaendelea kutembea, safari hii kwa upande ambao hanioni.

Tulifika Kasanga siku ya pili yake, mchana. Huko kuna gati, na nilishuka kwa ngazi ya kawaida nikiwa nimenyoosha kifua kama mtu anayejua alikotoka. Meli ilikuwa na saa kadhaa za kupakia. Nilizunguka. Niliona mwanamume anasuka wavu kwa vidole vya mguu, uzi ameunasa kwenye kidole gumba, nikasema moyoni, hili nitamwambia. Niliona mbuzi amepanda juu ya lori, nikasema na hili. Mama lishe aliniuzia ugali mgumu na samaki aliyepikwa kwa mawese mengi kupita kiasi, na nikaanza kutunga jinsi nitakavyolisimulia lile jiko, kwa sababu mke wangu hupenda kusikia kwamba wengine wanapika vibaya. Nikiwa na tonge mkononi nikaelewa ninachokifanya. Kila nilichokuwa nikikiona, nilikuwa nikikiona kwa ajili yake. Hata Mwanga ilikuwa hivyo hivyo. Bei za vitu nisivyonunua nilikuwa nampelekea yeye. Treni nisiyoingojea nilikuwa namwambia yeye kwamba imechelewa. Kwa miaka saba nilikuwa najiona mtu wa shughuli nyingi, kumbe nilikuwa natoka asubuhi ili niwe na la kurudi nalo.

Nilimkumbuka hadi chakula kikanishinda. Nikatoa simu nikampigia, ingawa alinikataza. Haikupatikana. Kijijini kwao mtandao uko juu ya kilima, na najua hawezi kupanda kilima kungoja simu aliyoikataza mwenyewe.

Mtu angesema hapo nilikata shauri. Sikukata. Njia nzima ya kurudi nilipanga begi na kulipangua. Nikishalifunga nasema, mwezi wa kwanza nitakuwa nimeichoka ile pwani, nitamkorofisha, atajuta kunileta. Nikishalifungua nasema, nitaingia nyumba ya Mwanga niseme na nani. Nilihesabu vyumba vyetu kichwani, vitatu na jiko, nikajiona nimesimama jikoni namwambia nani sijui kwamba mafuta hayajachemka. Yule mama wa vitenge alikuwa amebaki Kasanga na biashara yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kunishika shati. Miguu ilivimba. Nilivua viatu nikatembea pekupeku.

Siku ambayo tungepita kijijini, baada ya chakula cha mchana, nilikwenda kwa afisa wa meli nikamwambia nataka kushuka. Aliichukua tiketi yangu akaitazama mbele na nyuma.

"Hii ni ya Kigoma, mzee."

"Najua. Nashukia njiani."

"Pale leo hatuna abiria wa kushusha wala mzigo. Tunapunguza mwendo, tunapiga honi. Mtumbwi ukitoka, tunasimama. Usipotoka, siwezi kukutupa majini." Alisema kwa upole, kama anayejua ananiudhi. "Wanajua kuna mtu wa kupokea?"

Hawakujua. Nani angewaambia? Mimi mwenyewe nilikuwa nimejua dakika tano kabla. Na utaratibu huo wote wa honi na mitumbwi niliufahamu kuliko yeye. Nimewaeleza abiria wangapi dirishani pale bandarini, tena kwa ukali, kwamba pasipo na gati hakikisha umetuma salamu mapema upokelewe. Mimi, karani, nilikuwa sijatuma salamu.

Saa tisa na nusu kijiji kilitokea. Nilikuwa nimekwisha kusimama mlangoni, begi begani, viatu miguuni. Baharia mmoja mnene alifungua mlango, akaegemea, akatazama ufukwe. Honi ikalia. Niliyaona mabati mapya yakimeremeta chini ya kilima. Nilijua ndiyo kwa sababu mengine yote yalikuwa na kutu. Mitumbwi ilikuwa imelazwa mchangani na hakuna aliyeigusa. Watu wachache walisimama kuitazama meli kama wanavyoitazama siku zote. Honi ikalia mara ya pili. Baharia akanitazama, akatazama begi langu, halafu kwa adabu akatazama pengine.

Nilisema, kwa sauti, "Nimechelewa." Sikuwa nasema na yeye.

Kisha mtumbwi mmoja ukasukumwa. Mwanamume alikuwa nyuma kwenye injini ndogo, na katikati aliketi mwanamke mwenye kitenge kichwani, amepakata kitu. Injini ilikohoa mara tatu ndipo ikashika. Meli ikapunguza mwendo, ikasimama, na mtumbwi ukaja ukipanda na kushuka hadi ukajibana ubavuni. Mimi nilikuwa nyuma ya yule baharia mnene na mke wangu hakuniona. Hakuwa amebeba begi. Alikuwa na bakuli la mfuniko lililofungwa kwa kitambaa, na chupa ya chai.

"Teremsheni kamba," mke wangu aliita. "Kuna mzee humo ndani, mwembamba, hatulii. Mtamjua tu, ndiye anayetembea. Mpeni hiki. Mwambieni yule samaki, kuhe, aanze naye leo, wale dagaa watamfikisha Kigoma."

Baharia hakuteremsha kamba. Alisogea pembeni.

Mke wangu alinitazama kutoka chini, bakuli mikononi, akatazama begi langu. Nilitegemea nitaona furaha, na ninakiri niliitegemea kwa majivuno. Niliona amepauka. Alikuwa amenipikia chakula cha safari ya siku mbili. Alikuwa amekwisha kunijibia, kwa kuwa ananijua, na alikuja kuniaga vizuri ili nisilale njaa. Na lau asingekuja kuniaga, meli ingepita.

"Ngoja lipande," alisema.

Nikasogea ukingoni. Wimbi likaja, mtumbwi ukapanda, na mimi nikashika ukingo wa mlango. Likaja la pili. Nilitazama ule upenyo mweusi wa maji kati ya chuma na mbao, nikaiona suruali nyeupe kwenye kamba. Baharia akaniuliza chini chini kama anibebe, maana wazee wengi hubebwa, si aibu. Miaka yote nilikuwa nimeapa kwamba sitabebwa mbele ya watu wale. Nilimwambia, "Nibebe." Akanipakata kama mtu anayepakata godoro, akangoja, wimbi likapanda, akaniteremsha mikononi mwa shemeji yangu, ambaye naye ni mzee na karibu tuanguke wote wawili. Mguu mmoja uliingia majini hadi gotini. Begi likarushwa likafuata.

Shemeji alinikalisha, akanishika bega, akanichungulia usoni. Ana mvi hata kwenye nyusi siku hizi.

"Shemeji," alisema, "umekauka?"

"Bado," nikamwambia.

Alicheka hadi akashindwa kuwasha injini. Mimi nilitaka kumwambia habari ya mama yao, kwamba nilipaswa kuja, kwamba haikuwa kazi. Nikasema, "Nionyeshe kaburi la mama." Akaacha kucheka, akasema, "Nitakuonyesha, liko jirani na nyumba yenu," akaendelea kuvuta kamba ya injini.

Mke wangu alikuwa bado amepakata bakuli. Alivua kitenge kichwani akanitupia magotini, juu ya ule mguu uliolowa. Meli ikapiga honi, ikaanza kwenda, na mimi nikageuka kuitazama. Nilijikuta nahesabu madirisha yake na kukadiria itafika Kigoma saa ngapi. Niliona anaona.

"Utatulia huku?" aliniuliza. Alikuwa amesema hataniuliza tena.

Ningeweza kumwahidi. Nina kipaji hicho.

"Sijui," nilisema.

Aliliweka bakuli kwenye ubao wa kukalia, akainama, akaokota kopo kuukuu la mafuta lililokuwa likielea karibu na miguu yetu. Mtumbwi ulikuwa unavuja.

"Basi shika," alisema, "utoe maji."

Nikatoa maji mpaka ufukweni.